Moyo umepimwa ni mzima, mbona nahisi nakufa?

*"Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Miezi saba iliyopita nikiwa kwenye foleni, moyo ulianza kwenda mbio ghafla, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, nikajua hapa roho inanitoka. Nilikimbizwa hospitali. Wakanipima moyo na damu, wakaniambia sina ugonjwa, nipunguze mawazo. Tangu hapo imenirudia mara nyingi, safari moja hata nikiwa usingizini. Sasa sipandi basi peke yangu, siendi penye watu wengi, na popote niendapo lazima niwe na chupa ya maji na simu mkononi. Silali vizuri, na siku hizi hata vitu nilivyovipenda havinivutii tena. Baadhi ya ndugu zangu wanasema ni imani haba, wengine wananong'ona kwamba naanza kurukwa na akili. Rafiki yangu amenishauri nimwone mwanasaikolojia. Lakini kuongea na mtu kutanisaidiaje wakati kinachonisumbua kiko mwilini? Na nikianzishiwa dawa, si nitazinywa maisha yangu yote?"*

Pole sana, dada yangu. Miezi saba ya kuishi roho juu ni mingi, na kuambiwa huna kitu baada ya kukiona kifo kwa macho yako kunauma kivyake. Naona hofu yako kubwa si ile ya foleni wala ya basi. Unaogopa kwamba kuna jambo baya ndani yako ambalo hakuna aliyeliona, ama kwenye moyo, ama kwenye akili. Tuanzie hapo.

Unachopitia ni ugonjwa wa kweli. Jina la ugonjwa hutolewa na mtaalamu aliyekuona ana kwa ana, kwa hiyo sitakuandikia cheti kupitia barua. Hata hivyo maelezo yako yanafanana sana na kile tunachokiita ugonjwa wa hofu kali ya ghafla: mashambulio yanayokuja bila taarifa, kisha mwezi au zaidi wa kuogopa shambulio lijalo na kuyapanga maisha upya ili lisije. Waliokupima moyo walifanya jambo la lazima. Walipokosea ni kuishia pale. "Moyo wako ni mzima" ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki hukupewa.

Wala hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, yaani mtu 1 kati ya 8, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Magonjwa ya wasiwasi, ambayo hofu ya ghafla ni mojawapo, ndiyo yaliyoongoza, yakiwa na watu wapatao milioni 301, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ikafuata na milioni 280. Yote mawili huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Sasa hili la kurukwa na akili. Hofu ya kupata wazimu ni mojawapo ya dalili za shambulio lenyewe, sawa na kifua kubana na kizunguzungu. Wengi huhisi pia kana kwamba dunia imekuwa ndoto, au kana kwamba wanajitazama kutoka nje ya mwili. Hali hiyo inatisha, lakini si dalili ya kichaa. Katika magonjwa ambayo watu huyaita wazimu, mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hushikilia jambo lisilo la kweli bila kuyumba hata akionyeshwa ushahidi. Wewe umeandika barua iliyopangika, unaijua hofu yako, unaihoji na unaitafutia tiba. Shambulio la hofu halikui likawa skizofrenia, ambayo ni mojawapo ya magonjwa hayo, hata likirudi mara mia.

Kwa ndugu zako wanaosema ni imani haba nitasema machache. Ugonjwa huu nimeuona kwa watu wenye imani ya kutikisa milima. Sala ikikutuliza, endelea nayo bila kusita. Usikubali tu kubebeshwa hatia juu ya maradhi, kwa sababu hatia hiyo ndiyo inayowafanya wengi waugue kimyakimya kwa miaka.

Tuje kwenye mwili, maana ndiko swali lako lilipo. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kunusa hatari na kupiga kengele kabla hujapata muda wa kufikiri. Ikishapiga, adrenalini, homoni ya dharura, humwagika kwenye damu. Moyo huenda mbio ili misuli mikubwa ipate damu ya kukimbilia au kupigania. Jasho hutoka ili mwili upoe. Tumbo hupunguza kazi, ndiyo maana wengine husikia kichefuchefu. Pumzi huongezeka kasi. Yote haya yangekuokoa kama kungekuwa na chui mbele yako. Lakini wewe ulikuwa umesimama kwenye foleni, hukukimbia popote, na pumzi zile nyingi zikatoa nje kabonidioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Kabonidioksaidi ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, na hapo ndipo kizunguzungu huja, pamoja na ganzi ya vidole na midomo. Misuli ya kifua nayo huchoka kwa kupumua haraka, hukaza, na kuleta ule mbano uliokutisha.

Angalia basi: unahisi unakosa hewa wakati oksijeni kwenye damu yako inatosha kabisa. Unahisi utazimia wakati presha ya damu imepanda, ilhali kuzimia huhitaji presha ishuke. (Wapo wanaozimia kwa hofu, lakini mara nyingi ni wale wanaoogopa damu na sindano, ambao presha yao hupanda kisha hushuka ghafla.) Na shambulio haliwezi kuendelea kupanda bila kikomo. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka lenyewe hata usipofanya chochote. Neno hilo la mwisho lina uzito mkubwa, na nitalirudia baadaye.

Kwa nini lilianza siku ile? Mara nyingi hatupati sababu moja. Kuna urithi wa familia, kuna miezi ya msongo, msiba, usingizi mchache, kahawa nyingi, kuacha pombe ghafla. Lile lililokuamsha usiku pia si jambo geni. Hutokea katika usingizi usio na ndoto, na hutofautiana na jinamizi kwa kuwa mtu huamka hofu ikiwa imeshamkaba bila kisa chochote cha kusimulia. Nisingekushauri utumie nguvu nyingi kusaka chanzo. Kilichouwasha moto na kinachoendelea kuuchochea ni vitu viwili tofauti, na tiba hushughulika na kile kinachochochea.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko ambao bado ndio msingi wa tiba hii. Mwili unaleta hisia ndogo, pengine moyo kuruka pigo moja baada ya kupanda ngazi. Akili inaitafsiri kuwa janga: ni mshtuko wa moyo. Tafsiri hiyo inapiga kengele, adrenalini inamwagika, hisia inakuwa kubwa zaidi, na ukubwa wake unakuwa "ushahidi" kwamba kweli unakufa. Ndani ya dakika chache umefika kileleni. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya siku ile ya foleni, pigo lolote la moyo kwako limekuwa ung'ongo, nawe umekuwa ukiuchunguza mwili wako mchana kutwa, na mwili unaochunguzwa namna hiyo haukosi kitu cha kumtisha mwenyewe.

Halafu kuna chupa ya maji. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo ugonjwa unapojificha. Kila mara uliposhuka kwenye basi, au kunywa maji, au kumpigia mtu simu, shambulio lilipungua. Ubongo ukaandika kwenye daftari lake: nimepona kwa sababu ya maji, nimepona kwa sababu nilishuka. Kumbe lingepungua hata hivyo. Ulichokifanya kujiokoa kimekunyima nafasi ya kuona kwamba hukuhitaji kuokolewa. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaweza kupata mashambulio 50, asife hata mara moja, na bado akaamini kwamba la 51 litamuua. Na kila mahali unapopaacha, hofu ya mahali pengine huongezeka. Leo basi, kesho soko, mwisho ni mlango wa nyumba. Hili silisemi kukulaumu. Kukimbia kinachotisha ndiyo silika ya kila kiumbe, na hakuna aliyekuambia kwamba safari hii silika inakupoteza.

Hapo ndipo jibu la swali lako linapopatikana. Unadhani tiba ya kisaikolojia ni kukaa kwenye kiti, kulia, na kuambiwa maneno ya faraja. Kama ingekuwa hivyo, ningekubaliana nawe kwamba haitaufikia mwili. Tiba iliyothibitishwa kwa ugonjwa wako, ile ya fikra na tabia iliyotokana na kazi ya Aaron Beck huko Marekani katika miaka ya 1960, mazungumzo yake ni maandalizi tu. Kazi yenyewe ni majaribio.

Mnaanza kwa kuchora mzunguko wako, kwa mifano ya wiki yako mwenyewe: ulihisi nini kwanza, ukawaza nini, ukafanya nini. Kisha mnauita ule mwili unaokutisha kwa makusudi. Mtaalamu atakuomba upumue haraka kwa dakika moja, au uzunguke kwenye kiti mpaka upate kizunguzungu, au upande ngazi mbio mpaka moyo ugonge, naye akifanya pamoja nawe. Ganzi itakuja, kizunguzungu kitakuja, na mtakaa hapo mkisubiri bila kukimbia mpaka vishuke vyenyewe. Mtarudia, kwa sababu amigdala haifundishwi kwa maelezo. Inafundishwa kwa kuona. Baadaye mtatoka nje: kituo kimoja kwenye basi mkiwa wawili, kituo kimoja ukiwa peke yako, vituo vitano, chupa ikiwa kwenye mkoba, kisha chupa ikiwa nyumbani. (Mazoezi ya kuuita mwili usiyaanze mwenyewe kabla daktari hajathibitisha kwamba yanakufaa, hasa kama una pumu, kifafa au ujauzito.)

Kwa wengi kazi hii huchukua vikao 12 hivi, kimoja kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nyumbani ambayo ndiyo yanayobeba uzito mkubwa. Sitakuficha kwamba si raha. Wiki za mwanzo wengine huona hofu imeongezeka, na wapo wanaoacha katikati. Wapo pia wanaomaliza na wasipone kikamilifu. Lakini wengi wa wanaoifuata hupata nafuu kubwa, na nafuu yake hudumu, kwa kuwa mtu huondoka akijua la kufanya shambulio likimrudia mwaka kesho.

Kabla sijasahau, pumzi. Watu watakuambia "vuta pumzi ndefu." Pumzi ndefu za kifuani zinazofuatana huongeza tatizo lilelile la kabonidioksaidi. Ukitaka kupumua kwa kujituliza, punguza kasi na urefushe kutoa kuliko kuvuta. Hata hivyo usiigeuze pumzi kuwa chupa nyingine ya maji. Na ile ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi iache kabisa, kwa sababu aliye na tatizo la kweli la moyo au mapafu anaweza kudhurika.

Ulitaja jambo moja kwa haraka nami sitalipita haraka: kwamba vitu ulivyovipenda havikuvutii tena. Ukiongeza usingizi uliopungua, ni lazima tuulize habari ya sonona. Huwa tunaitaja pale huzuni au kutojali kunapokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili kama uchovu, kubadilika kwa hamu ya chakula, kushindwa kumakinika, kujiona huna thamani. Hofu na sonona hutembea pamoja mara nyingi, na njia yake ni rahisi kuiona: hofu inakufungia ndani, ndani hakuna marafiki wala kazi wala furaha ndogondogo, na mtu aliyenyimwa hivyo kwa miezi hukauka. Kwa hilo kuna tiba inayokurudishia shughuli moja moja kwa ratiba, bila kungoja hamu irudi kwanza, kwa sababu hamu huja nyuma ya tendo. Kuna pia tiba inayoshughulikia mahusiano, misiba na mabadiliko ya maisha.

Nataja haya ili ujue kwamba tiba ya kisaikolojia ni nyingi, na kila ugonjwa una yake. Mwenye fikra zinazomganda na kumlazimisha kunawa au kukagua milango mara kwa mara hufundishwa kukabili kinachomtisha na kujizuia kufanya kile kitendo. Aliyeandamwa na kumbukumbu za ukatili au ajali husaidiwa kuipitia kumbukumbu ile kwa utaratibu salama. Mwenye skizofrenia au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, dawa ndiyo nguzo yake, na mazungumzo humsaidia kuishi nao. Kwa hiyo ukimwona mtaalamu, muulize: unatumia tiba gani kwa tatizo langu, na tutajuaje kama inafanya kazi? Anayejua kazi yake hatakasirika. Anayekuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, au anayekuamuru uache dawa alizokupa daktari, au anayekugusa kwa namna inayokukera, usirudi kwake.

Kuhusu dawa, hofu yako imechanganya makundi mawili. Dawa za kundi la sonona, hasa zile zinazoongeza kazi ya serotonini, kemikali ya ubongo, hutibu pia hofu ya ghafla. Hazileti ulevi wala uchu. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake, na siku za kwanza zinaweza kukuongezea wasiwasi kidogo, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo. Zina madhara yake: kichefuchefu, usingizi kubadilika, hamu ya tendo la ndoa kupungua. Kwa kawaida huendelezwa miezi 6 hadi 12 baada ya nafuu, kisha hupunguzwa polepole kwa usimamizi. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na fadhaa, na wengi huchukulia hilo kuwa ushahidi kwamba "zimewafunga". Mwambie daktari kama una ujauzito au unanyonyesha, au kama umewahi kupitia kipindi cha siku kadhaa cha nguvu nyingi kupita kiasi bila kulala, kwa sababu jibu hilo hubadilisha dawa ya kuchagua.

Kundi la pili ni vidonge vya kutuliza kama diazepamu. Hivi hufanya kazi ndani ya saa moja, na ndiyo hatari yake. Vikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa mwili huvizoea na kuvidai, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuua. Tena huingia kwenye ule mzunguko kama chupa nyingine ya uokozi. Vina nafasi yake hospitalini, lakini kwa hali yako usiviombe, na ukipewa na jirani usipokee.

Ningekuwa mbele yako ningependekeza uanze na tiba ya fikra na tabia, dawa ziongezwe kama sonona itathibitika kuwa nzito au kama hofu inakuzuia hata kufika kwenye kikao. Mwingine angeanza na dawa, na hatakuwa amekosea. Kama mwanasaikolojia hapatikani karibu, uliza kama kuna anayetibu kwa simu, au wahudumu wa afya waliofunzwa kazi hii. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza wanawake wazee wasio wataalamu kutoa tiba ya mazungumzo kwenye mabenchi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba waliohudumiwa nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ujuzi huu hauishi kwenye ofisi za mabingwa pekee.

Rudi kwanza kwa daktari wa kawaida mara moja. Uliza kama vipimo vyako vilihusisha tezi ya shingo na upungufu wa damu, maana vyote viwili huiga dalili hizi, na mweleze unakunywa kahawa na pombe kiasi gani. Baada ya hapo usirudie vipimo vya moyo kila mwezi kwa ajili ya kujituliza. Lakini ukizimia kweli, au ukipata maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya, au yanayokuja unapofanya kazi nzito, au yasiyokwisha, usijiambie "ni hofu tu." Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Vilevile nenda siku hiyohiyo ukianza kuona afadhali kufa, au ukijikuta unapanga namna ya kujidhuru. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno ya wazi, asikuache peke yako, na aondoe nyumbani chochote unachoweza kukitumia. Nawaambia na ndugu zako wanaosoma: kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizi wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.

Kwa wiki hii, kabla hujapata miadi, andika kila shambulio kwenye karatasi: saa, mahali, hisia ya kwanza mwilini, wazo lililofuata, ulichofanya, na lilichukua dakika ngapi mpaka likapungua. Mpelekee mtaalamu karatasi hiyo siku ya kwanza. Na yule anayekusindikiza kwenye basi, mwambie asiache kuja kwa sasa, ila safari ijayo akae kiti cha nyuma yako.